Mstari kwenye Kioo cha Baba

4 Machi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, na ninaomba barua hii ikukute nawe hivyo. Mama ana nguvu, ila mimba imemlemea na miguu imevimba, na nesi wa zahanati anamtaka apumzike. Ukimwambia apumzike, anachukua ufagio.

Puto la mawasiliano la kituo chenu tunaliona juu ya bonde, jeupe kama yai. Mwalimu wa sayansi ametueleza kwamba simu ya zahanati itarusha sauti hadi kwenye puto, puto liipandishe kwenye setilaiti, setilaiti iishushe kituoni kwenu, kisha iingie kwenye minara ya kawaida. Nimeelewa. Lakini Baba, simu yenyewe iko kimya. Nesi ana wasiwasi. Anasema Mama akipata uchungu wa shida kama mara ile, gari la wagonjwa liko ng'ambo ya mlima, na mlima hausikii kelele.

Binti yako

11 Machi

Mwanangu, Mama Maswali,

Marahaba. Mimi sijambo, kazi tu ndiyo inanikaba. Puto ni zima na setilaiti inaitika. Anayenyamaza ni bonde letu. Mkuu wangu amesema mwezi ukiisha bila jibu, puto litahamishiwa kwingine. Mimi siruhusiwi kuondoka kituoni. Nenda ukaitazame ile antena bapa ya simu kwenye nguzo, uani mwa zahanati. Lazima ione mbingu, isizibwe hata na tawi. Usipande. Tazama tu, uniandikie.

Baba yako

18 Machi

Baba, shikamoo,

Habari za kazi? Nilikwenda. Antena sikuiona, niliona sufuria. Shangazi, dada yako, ndiye anayefanya usafi pale. Ameifunika kwa sufuria kubwa ya kuchemshia maji na kuikaza kwa kamba. Nilipomuuliza akasema, "Mali ya watu inyeshewe na kuchafuliwa na kunguru, mimi naangalia? Baba yako atasema nimekuwa mvivu."

Nikamweleza kwamba mawimbi ya simu hayapenyi sufuria. Akacheka. "Yanafika mbinguni, halafu yashindwe na sufuria?" Kisha akakaa kwenye ngazi, akaniuliza polepole kama atafukuzwa. Sufuria tumeitoa. Tafadhali Baba, usimtaje.

Binti yako

27 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Nilimwambia mkuu kulikuwa na kizuizi na kimeondolewa. Akauliza kizuizi gani. Nikasema cha alumini. Akanitazama, akaandika hivyo hivyo. Mwambie dada yangu kazi yake ipo, ila sufuria ikae jikoni.

Jana mchana, kwenye kioo cha kompyuta yangu, ilipita simu ya kwanza kutoka bondeni kwenda hospitali. Wenzangu walipiga makofi. Sisi tunaona mstari tu, kusikiliza ni marufuku. Upepo ulipoliyumbisha puto, mstari ulikatika. Nikahangaika mpaka nikauunganisha na setilaiti nyingine, ukarudi. Najua simu ile ni ya wagonjwa tu, kwa hiyo niandikie upesi. Mgonjwa alikuwa nani?

Baba yako

30 Machi

Baba, shikamoo,

Pole kwa kusubiri. Alikuwa Mama. Nesi alikuwa amemshika kwa mikono yote miwili, akaniambia, "Piga wewe." Dereva hakuijua njia ya huku. Nilimwelekeza apite nyuma ya shule, asifuate daraja la zamani. Sauti yake ilipokatika nilidhani yamekwisha. Niliendelea kuita, "Halo, halo," kwa sababu sikujua jingine la kufanya, na ghafla akaitika, "Nakusikia, endelea." Shangazi alikuwa amesimama barabarani akipunga khanga yake ili gari lisitupite.

Mama bado amelazwa, lakini amepona. Daktari alimwambia nesi kwamba wangechelewa kidogo wangewapoteza wote wawili. Mtoto ni wa kiume, na analia kama aliyedhulumiwa.

Mama ananiuliza wewe ulikuwa wapi saa ile. Njoo umwambie mwenyewe kwamba ulikuwa umetushika.

Binti yako