Mama Bado Anashona Mtandaoni

Mama,

Umekuwa fundi hodari kuliko ulipokuwa hai. Tangu tukuzike umeshona sare za shule nzima, na wateja wanakusifu kwenye kompyuta. Usishangae. Ni kazi ya kaka yangu Musyoka, kipenzi chako.

Ameiingiza karakana yetu ya Waithaka kwenye tovuti ya vijana fulani wa mjini, wenye viatu vilivyochongoka na ofisi isiyo hata na sindano. Wanaiita kiwanda kisicho na kuta. Mzazi anaandika vipimo, kompyuta inagawa kazi: kola inashonwa kwingine, mikono kwingine, sisi tunabandika vifungo. Eti siku moja kila cherehani ya Nairobi itakuwa ndani ya kiwanda hicho. Niliuliza ni nani atakayempima mtoto. Walicheka, wakanipa soda.

Wewe hukukubali vipimo vya kuletewa. Ulikuwa ukimwambia mtoto aruke kwanza, aache kukaza tumbo, ndipo utoe tepu. Na lile pindo pana la chini, la kukunjuliwa akirefuka! Wao wanaliita hasara ya kitambaa. Wapumbavu. Hawajawahi kulea mtu.

Hayo ningeyameza. Lakini picha yako uliyopigwa kwenye harusi ya shangazi iko juu ya ukurasa wetu kwenye tovuti, na chini yake wameandika: "Mama Mutheu atakushonea mwenyewe." Nilimuuliza Musyoka kama hana haya. Akasema, "Sister, hiyo jina ndio inauza. Nani atajua?" Siku hizi anavaa tai, Mama. Tai ya kuuzia jina la marehemu.

Jana nikakuta Mama Nisha wa Parklands amekuandikia huko: "Mama Mutheu, Nisha anarefuka sana. Please wacha pindo kubwa kama kawaida." Hakuna aliyeusoma ujumbe wake. Sare ilikuwa imeshakatwa, haina pindo. Nililia kwa hasira, kisha nikamjibu: "Mama alifariki. Mimi ni Mutheu, binti yake. Mlete Nisha Jumamosi nimpime."

Halafu nikawaandikia wateja wote hivyo hivyo, mmoja mmoja, na picha nikaiondoa. Musyoka hanisemeshi. Nimekuzika mara ya pili, Mama, na safari hii nilikuwa peke yangu.

Pumzika sasa. Nakuahidi hakuna atakayekuamsha tena kwa ajili ya vifungo.

Mutheu wako