Gundi ya Makopo Mawili

Jumanne, 30 Septemba 2025

Faibaglasi inawasha! Zeinab alinipa msasa na glavu, akaniambia nikwaruze mapezi ya roketi majini mpaka mng'ao uishe. Nikavua glavu moja kwa kiherehere changu, niyahisi yalivyo. Sasa kiganja ni kama nimeshika upupu.

Zeinab ni binti mkubwa wa nyumba hii ninayofanyia kazi. Anasomea uinjinia, na roketi anaijengea stoo, kando ya mashine yangu ya kufulia. Ni bomba jeupe refu kunipita. Baba yake amemruhusu kuirusha mara moja tu, jangwani nje ya Jeddah, Jumamosi ya tarehe kumi na nane. Ikivunjika, halas, hakuna roketi tena. Alisema hivyo mezani nikimimina kahawa. Zeinab akasukuma sahani, hakula tena.

Mimi nilidhani kazi kubwa ni ule moto wa nyuma. Kumbe ni gundi. Mapezi matatu, hakuna skrubu hata moja. Pezi likibanduka huko juu, roketi inageuka na kwenda inakotaka, na watu wako chini wanatazama.

Alhamisi, 2 Oktoba

Gundi ni mbili. Elphas, dereva wetu, amezileta zote kutoka soko la Batha. Moja iko kwenye sindano pacha, inakauka kwa dakika tano. Nyingine ni makopo mawili, moja kubwa na moja dogo, ile ya watu wa mashua. Hiyo inataka kulala siku nzima.

Nikauliza, si tuchukue ya haraka tumalize? Zeinab akasema ya haraka haipati muda wa kuingia kwenye mikwaruzo, na wengine husema inaogopa joto. Yeye moyo wake uko kwa makopo. Lakini hataki kuamini maneno ya kwenye kopo, anataka kuona. Tutagundisha vipande vidogo kwa kila gundi, tuvivute, tuone kipi kinaachia.

Tumeanza na vipande vya makopo. Tumevikwaruza, tumevipangusa kwa asetoni — ile ile ya kutoa rangi ya kucha — tukavifunika kwenye trei, vingoje gundi kesho. Stoo ina unyevu wa kufua, kwa hiyo trei imelala majlisi, sebule ya wageni.

Jioni wageni wa madam. Nimefukiza udi mapazia, mito, makabati, kila kitu. Madam hapendi kona irukwe. Trei ilikuwa inanuka asetoni, nikaifunua na yenyewe nikaipitishia chetezo, taratibu, mpaka ikanukia. Madam akasema leo nimefanya kazi. Hasemi hivyo kila siku!

Ijumaa, 3 Oktoba

Mzani wa keki umepata kazi mpya. Gundi ya makopo hupimwa, huwezi kukisia. Zeinab alikoroga nyingi, akanipa kikombe nishike. Kikaanza kupata joto. Hakuna moto, hakuna jiko — joto tu, halafu moshi! Nikakitupa kwenye sinki.

Zeinab alicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza: ikirundikana inajipika yenyewe, ikitandazwa inatulia. Nikamwambia basi ni kama ugali, sufuriani unakaa moto, kwenye sahani unapoa. Akasema ndiyo, hasa. Mara ya pili tukatandaza kwenye kifuniko kipana, tukatia unga mweupe wa kuifanya nzito. Ule unga ukipumua tu unaruka, ilibidi tufunge pua. Kisha tukavigundisha vile vipande vya kwenye trei. Nimelala nikiwaza hicho kikombe. Joto lilitoka wapi?

Jumapili, 5 Oktoba

Vipande vya sindano tulivikwaruza na kuvigundisha jana, papo kwa papo. Leo ndiyo kuvuta. Kipande kinaning'inizwa, chini yake ndoo, Elphas anamimina maji.

Ya makopo iliachia ndoo ikiwa nusu. Vipande vyote, kimoja baada ya kingine. Ya sindano ilibeba ndoo mpaka mpini ukakatika na Elphas akaloa viatu.

Zeinab aligeuza kile kilichoachia. Gundi ilikuwa imetoka yote, safi, kama ganda la yai la kuchemsha. Akaniuliza kama kuna mtu aliyegusa vipande. Nikamwambia, "Mafi, hakuna aliyegusa." Na ni kweli, mimi ndiye mwenye majlisi, ningejua.

Amechagua ya sindano. Anasema jaribio ni jaribio, na joto la kurushwa ni la sekunde chache tu. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyeangushwa na rafiki.

Jumatano, 8 Oktoba

Mapezi yamekaa. Imependeza. Amenipa nishike la tatu mpaka likakauka, nikahesabu kimoyomoyo kama mtoto.

Jumatano, 15 Oktoba

Jeddah, kwenye nyumba yao ya huku. Sisi kwa ndege, Elphas kwa barabara na roketi nyuma, haina injini bado. Hewa ya hapa inakushika mwili mzima. Zeinab amebeba na yale makopo, eti ya kuziba nyufa ndogondogo. Naona bado hajayasamehe wala kuyaacha.

Alhamisi, 16 Oktoba

Wageni tena, udi tena. Nilipomaliza nikaona alama ya kidole changu kwenye meza ya kioo, pale chetezo kilipokuwa. Nikapangusa kwa kitambaa kikavu — ikasambaa tu. Mafuta. Nikachukua pamba na asetoni. Pamba ikatoka rangi ya chai.

Nikasimama pale. Moshi wa udi unaacha mafuta! Na ile trei niliifunua kwa mkono wangu, nikaipitishia chetezo taratibu. Vipande vya makopo peke yake. Vya sindano havikuwepo siku hiyo.

Nimeogopa. Lakini pia, Mungu anisamehe, nimetaka kuona. Labda siyo udi. Kwenye boksi la Zeinab kulikuwa na mabaki ya faibaglasi. Nimekwaruza, nimepangusa, jozi moja nimeifukiza na nyingine sijaifukiza. Nikapima gundi ya makopo kwenye mzani wa jikoni, nikabana kwa vibanio vya nguo, nikaweka juu ya paa.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kabla ya saa sita gundi imeshakuwa jiwe. Haikungoja siku nzima, jua la paa limeiharakisha. Jozi iliyofukizwa niliipinda kidogo tu kwa vidole, ikaachia, safi, ganda la yai. Nyingine nimeipinda, nimeikanyaga. Iko vile vile. Ukucha hauachi alama.

Kwa hiyo makopo hayakushindwa. Mimi ndiye niliyeyashinda.

Nikashuka. Elphas alikuwa amerudi kutoka mtaa wa Al-Mahjar, alikokwenda kumwona binamu yake, gari limechomwa na jua tangu asubuhi, roketi ndani. Nikamwomba afungue. Akaniambia humo ni tanuri, hata kile kishikio cha simu alichokibandika kiooni kimeanguka. Nikaweka ukucha kwenye kona ya pezi, pale penye gundi ya sindano. Ukazama. Nikautoa, alama ikabaki pale pale.

Elphas akasema ninyamaze. Madam ameshaahidi likizo yangu ya Desemba, kwa nini nijiharibie kwa kitu ambacho hakuna atakayekijua? Simlaumu. Lakini kesho Zeinab atasimama chini ya hicho kitu.

Naandika haya nikiwa ngazini, nje ya chumba chake. Anaswali alasiri. Makopo yamebaki nusu, yanatosha kugundisha upya mapezi yote matatu. Paa lina joto mpaka magharibi, na kesho wanarusha alasiri.

Vipande viwili viko mapajani, kinachonukia na kisichonukia. Madam anaita kutoka chini, wageni wako njiani, chetezo kiko wapi. Chetezo kiko hapa miguuni pangu. Sijaitika, namngoja Zeinab kwanza. Nasikia Zeinab anakunja mkeka wake.