Maua ya Rangi Kali Mbele ya Mulango wa Suzanne

Baraka, Jumamosi, siku ya posho

Kwako shemeji Déogratias,

Mi shemeji yako Eugène niko na miaka makumi saba na tisa. Nimepita vita ya Mulele, nimepita kambi ya wakimbizi kule ngambo Kigoma na kipindupindu chake, na meno yangu yote yamekufa mbele yangu. Kwa hiyo kama habari ilifika huko Kazimia kwamba dada yako Suzanne amezikwa, panguza machozi. Tuko bazima. Kifua chako kimetulia? Bibi yako na batoto bako namna gani? Huku mvua inanyesha, na miguu yangu ni ya kijana, uliza muntu yeyote.

Unajua macho ya Suzanne yanazimika. Munganga wa hospitali alisema dawa haiko: kwanza sura za bantu zitapotea, rangi kali zitachelewa kidogo. Kutoka siku ile Suzanne alikataa kutoka inje. Alisema inje ni moshi tu. Akawa wa kitandani, sahani anarudisha nusu. Nikaona huyu mwanamuke huzuni itamuua kabla macho hayajamaliza kazi yao. Nikasema nitamupandia maua mulangoni, ya rangi kali, tena yale ya kudumu ambayo kiangazi kikipita yanachipuka yenyewe. Miaka ya kupanda upya kila musimu hatuna.

Shemeji, nimejenga nyumba ine kwa mikono hii, lakini maua yalinivuruga kichwa. Jirani yetu Mama Merveille alinicheka, eti muzee mwenye shamba la muhogo leo analima kitu kisicholiwa! Halafu akanishauri maua ya manjano. Kumbe manjano yake yanakufa na kiangazi. Muzee Kayitare, yule anayeleta maziwa kutoka milimani, alinipa mbolea ya ngombe na akaapa kwamba nyekundu ndiyo inaonekana mpaka mwisho. Kila asubuhi nilipeleka ua kitandani, nikimuuliza Suzanne kama analiona. Leo anasema ndiyo, kesho ua lile lile anasema hapana. Nilishindwa kuelewa kabisa. Mwisho nilifuata kichwa changu, na kichwa changu hakijanidanganya hata siku moja: mekundu yenye majani mapana kama ya mugomba, na yale ya zambarau yenye miiba.

Nikainua udongo mbele ya mulango, nikaupanga vizuri, nikazungusha mawe na kuyapaka chokaa ili asijikwae. Kazi safi. Hakuna kijana wa hapa anaweza kuifanya.

Kumbe bamama baliokuwa banatoka soko baliona nini? Udongo mupya umeinuka, urefu wa muntu, mawe meupe, maua juu. Na Suzanne hajaonekana siku nyingi. Kwetu hapa, nani anapamba udongo hivyo kama si kaburi? Mama Merveille alijitupa chini akilia. Bengine bakafunga vitambaa kiunoni, bakaleta mikeka na unga wa fufu wa matanga. Bakanitukana, eti muzee wa kiburi, amezika bibi yake kama kuku, hata kanisa hakuita! Nilibaambia haya ni maua. Bakasema ndiyo, maua tunayaona! Nilivyozidi kueleza, ndivyo balivyozidi kulia.

Halafu Suzanne akatoka, mukono ukutani. Akauliza nani amekufa. Mama Merveille akajibu kwa sauti ndogo kwamba aliyekufa ni yeye Suzanne. Suzanne akasema basi baendelee, maana hajasikia bado pahali banamusifu. Shemeji, bamama balicheka mpaka kuanguka. Unga ule ulipikwa, na yeye alimaliza sahani.

Kutoka siku ile anaketi inje kila siku. Nilitembea kartye nzima, mutaa kwa mutaa, nikijisifu kwamba rangi zangu zimeshinda munganga.

Lakini jana alinishika mukono, akaniambia neno ambalo wewe kaka yake lazima ulijue. Haoni tena. Hata nyekundu haioni, na ilikuwa hivyo kabla mi sijapanda. Yale maua ya asubuhi alikuwa anabahatisha tu, asinivunje moyo. Nikamuuliza sasa anafuata nini inje. Akasema kila anayepita anasimama kutazama kaburi la muntu aliye hai, anacheka, anasalimia, na yeye anajua ni nani kwa sauti. Akaniomba niongeze maua, yenye rangi kali zaidi, hata benye pikipiki basimame.

Mi sijui, nimeshinda ao nimeshindwa? Nimekaa na neno hili usiku na mchana, haliingii kichwani. Lakini kupanda nitapanda. Kule kwenu misioni iko maua ya manjano kama tarumbeta, yasiyokufa. Kata matawi, uyafunge na gunia lenye maji, uje nayo mwenyewe kwa boti. Ukifika, usimuguse kwanza. Simama penye maua useme kitu, yeye atakutaja kwa jina.

Salimia nyumba yote. Suzanne anakusalimia, anaketi hapa pembeni yangu. Ukiona nimeongeza chumvi, uliza Mama Merveille aliyelia, na Kayitare aliyekuta bamama banacheka. Hao ndio bashahidi bangu.

Ni mi shemeji yako,
Eugène