Kura Yangu kwa Odile

Kitchener, Kanada,
Jumapili mchana

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu za mapenzi. Natumaini barua hii itakukuta goti limetulia, na theluji ya mlangoni umeiondoa bila kugombana na jirani. Mimi ni mzima wa mwili. Akili ndiyo sijui niseme nini. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika nusu, na jambo lenyewe hata mimi sijalielewa vizuri.

Kazi inakwenda mbio. Ulipokuja kunitembelea tulikuwa watu tisa juu ya duka la baiskeli, ukatucheka, kampuni gani hii mlango wake haufungiki. Sasa tunapita mia, na programu yetu ya kupanga miadi ya kliniki za wanyama imefika mpaka Halifax. Zamani kliniki mpya ikijiunga tulipiga kengele ya shaba, sote tukashangilia. Siku hizi inalia mara nyingi kiasi kwamba wahasibu wameomba ivikwe soksi.

Nakuambia kweli, naipenda kazi hii. Juzi daktari mmoja wa Moncton alinipigia simu huku analia kwa furaha, eti tangu aanze kutumia programu yetu anawahi kula na wanawe jioni. Siku nzima nilitembea nikitabasamu peke yangu. Kesho yake nikakuta dawati langu limehamishwa, kikosi changu kimepewa jina jipya, na mpango tulioutolea jasho kiangazi chote umefutwa. Aliyeufuta naye alikuwa ameshaacha kazi. Nilipouliza kulikoni, kijana wa dawati la pili alinitazama kwa huruma: "Kaisa, hayo ya wiki iliyopita bado unayo tu?"

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Hapa kwetu haajiriwi mtu mpaka wote watakaofanya naye kazi wamhoji na kupiga kura, na "hapana" moja tu humwangusha. Gideon, mwanzilishi wetu, aliniomba nimhoji mama mmoja wa Montreal, Odile Fournier. Kwa haraka zetu sikusoma tangazo la nafasi yenyewe. Nilidhani naletewa msaidizi. Baba, yule mama anaijua kazi! Nilimweleza jinsi malalamiko ya wateja yanavyotulemea, akauliza maswali mawili tu, nikaliona pale pale kosa tulilokuwa tukilizunguka mwaka mzima. Tulicheka kama watu waliosoma pamoja. Mwishoni akaniuliza, kwa heshima kabisa, kama sitaona vibaya yeye kuwa mkubwa wangu.

Nilijifanya nilikuwa najua. Alipoondoka nikalisoma tangazo: mkuu wa huduma kwa wateja. Ndiyo kazi ninayoifanya tangu siku za duka la baiskeli, ila hakuna aliyewahi kunipa jina lake.

Nilimwendea Gideon nikiwa nimefura. Akashangaa kuliko mimi. "We Kaisa, si ungesema unaitaka! Tangazo limekaa ukutani mpaka limepauka. Nilikungoja, nikaona kimya, nikajua umechoka." Akaniambia kura zinafungwa jioni ile, na kama siridhiki, najua la kufanya, naye hataniwekea kinyongo. Wewe ulinilea nikijua kwamba mtu hajipigii debe, kazi yake itamsemea. Huku, asiyejipigia debe hudhaniwa ameshiba.

Najua umewatangazia wazee wenzako wote mnaooga naye mvuke kwenye sauna ya Jumamosi kwamba binti yako ni bosi. Baba, mimi si bosi tena, na hakuna aliyeninyang'anya. Niliandika hapana, nikaifuta, nikaandika ndiyo. Usinisifu kwa wema, maana sina hakika kama ulikuwa wema. Nilipobonyeza kuituma nilijisikia mwepesi, kisha nikaenda chooni nikalia, na mpaka sasa sijui niamini lipi kati ya hayo mawili. Pengine yule mama ananizidi kweli. Pengine niliogopa. Nakasirika, halafu nafurahi kwamba malalamiko yatapata mtu wa kuyatatua, halafu nakasirika tena.

Odile anaanza kesho. Asubuhi hii ameniandikia kuniuliza, kabla hajapanga lolote, mimi mwenyewe ninataka kazi gani. Miaka yote hii hapa hakuna aliyeniuliza hivyo, wala mimi sikuwahi kujiuliza, na tangu asubuhi naandika jibu na kulifuta.

Nisalimie shangazi Tuula, mwambie chapati zake nyembamba za maziwa nazikumbuka kila Jumapili. Wazee wa sauna uwaambie mwenyewe, kwa maneno utakayoona yanafaa. Ila ukishawaambia, nipigie simu, nisikie sauti yako ikoje.

Binti yako akupendaye,
Kaisa