Upande Wangu wa Kibao

Chumba cha uani,
Nyumbani kwenu, kama hujapasahau,
Jumapili, tarehe 12 mwezi wa nane.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Hujambo huko? Unakula? Kifua kimeacha kukubana? Mimi sijambo kuanzia kiunoni kwenda juu. Nyonga bado haijaunga vizuri. Nafika mlangoni kwa kushika kitanda, kisha kiti, kisha mtu. Mama yako mzima, bado anashona mashati kiwandani, anatoka giza na kurudi giza.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, neno kwa neno. Eti unaandika kitabu cha chuo kuhusu elimu ya tangu kale, unataka bibi akueleze. Msomi mzima unamwuliza mtu wa darasa la tatu! Haya, kaa chini.

Bibi yangu mimi hakujua herufi hata moja. Alikuwa mfinyanzi. Alimfundisha mama yangu kwa kumfunga macho: shika udongo, sema kama uko tayari. Ukikosea, kofi la mkono wenye matope. Chungu kikipasuka motoni, hayo ndiyo matokeo ya mtihani.

Kisha ikaja shule. Mimi na kaka yangu tulikuwa na kibao kimoja cheusi, upande wake na upande wangu. Daftari hakuna. Mwalimu anapita, anatazama, anasema, "Futeni!" Ukifuta kabla hujashika kichwani, imekula kwako. Ndiyo maana mimi sisahau kitu, na wewe mwenye kabati zima la madaftari unasahau hata kunipigia simu.

Sasa sikia nisichowahi kukuambia. Nikiwa darasa la tatu, bibi alianguka akavunjika mguu. Baba akasema nikae nyumbani nimtunze, mwezi mmoja tu. Kaka akapata pande zote mbili za kibao. Sikurudi tena. Nimemlaumu baba miaka sitini, na kaburini nimemfuata na lawama zangu.

Na mimi nilipoanguka mwezi wa tano, nilisema nini? Mdogo wako Chiriku akae nami wiki mbili tu. Hesabu mwenyewe. Ananiogesha, ananigeuza, ananipikia. Mwalimu wake amekuja mara mbili. Mara ya kwanza nilimdanganya kwamba mtoto anaumwa. Mara ya pili nilimfokea, "Huna wanafunzi wengine wa kusumbua?" Akaacha karatasi mezani akaondoka. Chiriku aliisoma kimya, yeye ambaye hanyamazi hata akiwa na tonge mdomoni. Inasema mwisho wa kuandikishwa kwa mtihani wa kumaliza shule ni Ijumaa hii.

Jana nikamwambia arudi shule. Akanijibu, "Nani atakuinua, bibi?"

Maneno hayohayo nilimwambia bibi yangu. Naye angeweza kumwambia baba neno moja tu: arudi. Hakulisema. Alipenda mikono yangu. Nimelijua hilo nikiwa nimelala hapa, kwa sababu na mimi naipenda mikono ya Chiriku.

Kesho anakwenda. Mama yako amenifungia kamba kitandani ya kujivutia, na ataniwekea maji na ndoo karibu. Analia, mwache alie. Nikianguka nitakaa sakafuni hadi Chiriku atoke shule. Mama yako ataipiga picha barua hii akutumie kwa simu leo jioni. Kazi yako ni moja: mpigie mdogo wako alfajiri, mwambie aende, asigeuke nyuma. Mimi siwezi kumsindikiza kwa macho. Akinitazama ataona ninaogopa.

Msalimie shangazi yako muuguzi, na huyo binti unayemficha. Mungu akulinde, akupe akili ya kula kwa wakati.

Katika hicho kitabu chako, andika kwamba bibi yangu alinyamaza. Halafu andika kwamba mimi nilisema.

Akupendaye hata akikugombeza,
Bibi yako