Ng'ambo ya Barabara Ningekuwa Mke

State Line Road,
Kansas City, Missouri.
14 Novemba 2019.

Mpendwa mwanangu Corinne,

Hujambo mama? Reese wako hajambo, na lile jibwa lenu linaendeleaje? Nasikia huko Oregon mvua haikatiki, basi vaeni vizuri. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula kwa sababu majirani hawaachi kuleta mabakuli ya tambi na jibini, na naona haya kuyatupa.

Uliponiuliza habari za mazishi kwenye simu nilikata. Nisamehe, kilio kilinishinda. Orrin wangu hakuzikwa hapa. Hakuzikwa ubavuni mwa binti yetu Nell, kama alivyoomba tangu siku tulipomlaza mtoto yule kaburini. Kaka yake amempeleka kwao Dodge City, huko Kansas.

Unamkumbuka mzee Floyd wa ng'ambo? Barabara yetu ndiyo mpaka, sisi tuko Missouri na yeye yuko Kansas. Jioni alikuwa akitupigia kelele kutoka barazani kwake: "Nyie wahuni, mtaoana lini? Hamieni upande huu, mtaamka mmeshakuwa mke na mume bila hata kununua keki!" Orrin naye anamjibu: "Sigara huku bei poa, mzee. Ndoa tutakuja kuazima kwako!" Tunacheka mpaka mbavu zinauma.

Kumbe utani ule ulikuwa kweli tupu. Kansas, watu wawili wakikubaliana kuwa mke na mume na kuishi hivyo mbele ya watu, sheria inawatambua hata bila cheti. Huku haiwatambui. Na tulipokuwa tunatafuta nyumba tuliona mbili, moja kila upande. Tulichukua hii kwa sababu nilipenda dirisha la jikoni.

Cheti hatukuwa nacho. Orrin aliachana na mke wake wa kwanza mahakamani, kwa matusi, akaapa hatasimama tena mbele ya jaji. Mimi sikujali. Kanisani, benki, shuleni kwa Nell, niliitwa Bi Teague nami niliitika.

Moyo wake uliposimama, nilikwenda nyumba ya mazishi, wanakoandaa maiti, na suti yake ya kijivu mkononi. Mhudumu akaniuliza, "Samahani mama, wewe ni nani yake?" Nikamwambia, mke wake. "Cheti cha ndoa unacho?" Nikabaki nimeikumbatia ile suti. Hata karatasi moja yenye sahihi ya Orrin, kwamba mimi ndiye wa kumzika, ingetosha. Hatukuwahi kuiandika.

Basi haki ikawa ya Wendell, kaka yake, ambaye hakuja hata kumzika Nell. Kila Krismasi alinipigia simu, "Shemeji, heri ya sikukuu!" Nilipopeleka kesi mahakamani aliniita "yule mama". Nilimwambia, "Wendell, mwache alale na mwanawe." Akasema wazazi wao wanamngoja makaburini Dodge City, na hakunitazama.

Jaji alikuwa mama wa makamo, mpole, na upole wake ndio ulioniumiza. Aliniambia, "Mama, Katiba ya nchi haikutaja ndoa, mambo hayo yameachiwa majimbo. Ng'ambo ya barabara, ndoa kama yako ilitokana na hukumu za majaji wa zamani, na majaji huwafuata waliowatangulia. Lakini hapa Missouri bunge letu liliandika kwamba ni batili. Bunge likishaandika waziwazi, mimi sina pa kupenya." Floyd, aliyekuja na suti yake ya kanisani kunitolea ushahidi, hakuulizwa hata neno.

Wendell alikubali jambo moja tu, gari la maiti lipite hapa nyumbani. Lilisimama kidogo, kisha likakata kona na kuingia Kansas. Floyd alikuwa upande wake, kofia mkononi, analia: "Mimi na mdomo wangu, Verna! Mimi na mdomo wangu!" Mume wangu alikuwa anavuka kwenda mahali ambapo ningekuwa mke wake, na mimi nimesimama huku.

Mwanangu, sijui jimbo lenu lina sheria gani, na usikae ukabahatisha. Mshike mkono Reese mwende mkaandikishe ndoa wiki hii hii. Ukija kunipa pole usiniletee maua, niletee nikione hicho cheti.

Nisalimie dada yangu, mama yako, umwambie asije kwanza, barabara zina barafu. Mbusu Reese. Mungu awaweke pamoja, na hata mmoja akitangulia, asiwepo wa kumuuliza aliyebaki yeye ni nani.

Kwenye hukumu nimeandikwa Verna Hutchens. Barua hii si ya mahakama.

Ni mimi mama yako mdogo, nikupendaye daima,

Verna Teague