Niende Nikamwone Trufena, au Nirudi Jamhuri?

Jumamosi, mwezi wa saba. Mchana, ofisini.

Baridi ya leo inaingia mpaka kwenye mifupa. Jua halijaonekana tangu asubuhi, na manyunyu yanaanza, yanakoma, yanaanza tena. Nami leo ni hivyo hivyo. Nimevaa koti, nimelivua, nimelivaa tena.

Ofisi hufungwa mchana siku ya Jumamosi, na wenzangu wote wamekwenda. Nimebaki mezani pangu peke yangu, eti namalizia barua za bosi. Hakuna barua. Taipu nimeshaifunika.

Ninachotaka ni kuamua kama niende kutazama mchezo, ule wa kuigiza na kuimba, au nipande basi nirudi nyumbani Jamhuri nikajifunike blanketi.

Jambo lenyewe ni dogo. Mtu anakwenda au haendi. Lakini ndani ya mchezo huo yumo Trufena, mdogo wangu.

Nilijua Jumatatu. Nilikuwa nimeshuka kwenye maduka ya Adams Arcade kununua mkate, nikaona ukutani wamebandika tangazo la kundi la waimbaji kutoka Kampala ambao wanazunguka mji kwa mji. Nililisoma kwa mazoea tu, maana mimi husoma kila kitu, hata gazeti lililofungiwa nyama. Katikati ya majina ya waimbaji nikakuta Trufena Asava. Asava ni baba yetu. Nilisimama pale mpaka mama mmoja akanigusa bega akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi. Nikarudi nyumbani bila mkate.

Sisi ni watu wa Maragoli. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na Trufena ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Hata wazee walimngoja yeye kwanza, msichana mdogo hivyo, ndipo wafungue midomo. Baadaye akapelekwa Kampala kusomea ualimu. Akaacha chuo akafuata kundi la maigizo. Baba alisema hakuzaa mtoto wa kuchezea watu kwenye majukwaa, na kuanzia siku hiyo akakataza jina lake lisitajwe nyumbani.

Tulitii. Mama pia alitii, ila siku moja nilimkuta shambani peke yake, ameinama anapalilia mahindi, anamwita Trufena kana kwamba yuko mstari wa pili. Nilirudi nyuma polepole asinione.

Mwanzoni barua zake zilikuwa zikija. Hazikujibiwa, zikaacha kuja. Mwisho hakuna aliyejua anaishi wapi.

Desemba Baba alifariki.

Tangazo la redioni liliandikishwa na Baba Mdogo, mdogo wake Baba. Nililisikiliza hapa Nairobi nikiwa nimefunga mzigo tayari kusafiri. Walisoma majina ya watoto wote na mahali walipo, mimi nikasomwa “Jerida wa Nairobi.” Trufena hakusomwa. Kwa hiyo hajui. Yuko hapa mjini, mwendo mfupi kutoka kwenye kiti hiki, anaimba, na hajui kwamba baba yake amekufa.

Nikienda, lazima nimwambie. Nisipokwenda, kesho wanaondoka, na sijui nani mwingine atakuja kumwambia.

Anayeketi mbele yangu hapa ofisini ni Mama Wambui, anayeshika vitabu vya hesabu. Kwao ni upande wa Dagoretti, wana mashamba na nyumba za kupangisha, na yeye na bwanake hawapitwi na sinema wala maonyesho. Walikwenda kutazama mchezo huo juzi. Jana nikamwuliza ukoje, kwa sauti ya mtu asiyejali.

“Jerida, usiharibu Jumamosi yako,” akasema. “Huko hakuna kitu. Hakuna nyumba, hakuna mti, hata pazia hakuna. Ni benchi na kamba. Nililipa pesa kuona kamba!”

“Na waimbaji?”

Akatia kalamu mdomoni.

“Waimbaji ni sawa. Kuna mmoja mnene-mnene, anaigiza nyanya mzee. Huyo aliniliza, na mpaka sasa sijui nililia nini.”

Nilitaka kumwambia kwamba huyo huenda ni mdogo wangu. Nikageukia taipu yangu nikapiga barua moja mara mbili.

Sasa niseme ukweli, maana hapa hakuna wa kunicheka.

Naogopa kwamba atakuwa mbaya. Nitakaa pale gizani nione mwanamke mzima akirukaruka mbele ya ukuta mtupu, watu wakipiga miayo, nami nitarudi nyumbani nikijua Baba alikuwa na haki.

Lakini zaidi naogopa kwamba atakuwa mzuri. Akiwa mzuri, basi miaka yote ile tulinyamaza bure.

Tena kuna jambo la kwenda peke yangu. Mwanamke wa rika langu haingii mahali kama pale bila mtu. Zamani ningemshika Esta mkono twende. Esta na mimi tulipanga nyumba pamoja Jamhuri tangu tulipokuwa wasichana wa kazi ya kwanza. Mwaka jana akaolewa akahamia Kitisuru. Alisema atakuwa akija kila Jumapili, akaja Jumapili mbili tatu hivi. Simlaumu, ana nyumba yake. Chumba chake sijampa mtu. Nikitoka kazini nafungua redio kabla ya kuvua viatu, siyo kwa habari, ni ili pawe na mtu anayesema.

Nikienda, nitakuwa na mdogo wangu kwa muda wa mchezo mmoja. Kisha?

Basi. Naona nimeandika mengi kwa mtu anayesema hajaamua. Naenda kunawa uso.

Jioni, nyumbani.

Nilikwenda.

Mlangoni kijana wa tikiti aliniuliza, “Wangapi?”

“Mmoja.”

“Mmoja tu?” akainua macho.

“Mmoja tu,” nikasema, nikahisi masikio yanawaka moto.

Nilichagua kiti cha nyuma, karibu na mlango, niweze kutoka bila kusumbua mtu. Ukumbi haukujaa hata nusu. Mama Wambui hakudanganya: jukwaani palikuwa na ukuta mweusi, benchi moja ya mbao, na kamba iliyokunjwa sakafuni. Hata taa zilikuwa za kawaida. Mzee mmoja mbele yangu alimwambia mkewe kwamba labda vifaa vyao bado viko njiani.

Wakatoka wote kwa pamoja, wanaume na wanawake, wamevaa nguo za kila siku, wakiimba bila ngoma. Wakaichukua ile kamba wakaitandaza sakafuni ikawa umbo la nyumba. Wakaacha nafasi ndogo. Huo ukawa mlango.

Trufena akaingia wa mwisho.

Nilimtambua kwa mwendo kabla sijaona uso. Ndiye huyo mnene. Walikuwa wamempaka nywele unga ziwe mvi, na akatembea kwa kuburuta mguu mmoja kama Nyanya yetu mzaa Mama alivyokuwa akitembea. Hakuna mwingine ukumbini aliyejua mwendo ule ameutoa wapi. Nilijua mimi peke yangu.

Hadithi yao ni ya familia ambayo barabara kubwa itapita kwenye nyumba yao. Wote wanakubali kuhama isipokuwa nyanya. Anakaa kwenye benchi ndani ya kamba na kukataa. Wanawe wanakuja mmoja mmoja kumbembeleza, na kila mmoja anamwimbia, naye anamjibu kwa wimbo. Kufika katikati ya mchezo, mwigizaji mmoja aliikanyaga kamba kwa bahati mbaya alipokuwa akigeuka, na ukumbi mzima ukaguna. Amekanyaga ukuta! Yule mzee wa mbele yangu alisema “Aa!” kwa sauti. Ndipo nikaelewa kwamba sote tulikuwa tunaiona nyumba.

Mwisho nyanya anabaki peke yake. Wengine wameshaondoka, wanaimba kwa mbali nyuma ya ukuta. Trufena akasimama, akaanza kuimba taratibu bila kutazama watu. Sauti yake siyo ile ya usichana. Imekuwa nzito, ina mikwaruzo, lakini bado inafika mahali pale pale ilipokuwa ikifika kanisani, pale watu walipokuwa wakifumba macho.

Ni mzuri. Baba, ni mzuri sana.

Niliuma kitambaa changu ili nisitoe sauti.

Watu walipopiga makofi niliinuka niondoke. Mlango ulikuwa pale pale, hatua chache. Nilishafunga vifungo vya koti. Nikamfikiria Mama kule shambani ameinama, nikageuka, nikauliza njia ya kwenda nyuma ya jukwaa.

Kwenye ujia nilimkuta mwanamume wa makamo akikunja ile kamba.

“Unamtafuta nani, mama?”

“Trufena.”

“Wewe ni nani wake?”

“Dada yake.”

Akaacha kukunja. Akanitazama usoni, siyo kwa ubaya.

“Yeye alituambia hana ndugu,” akasema. Kisha akaona aibu, akaenda kumwita.

Trufena akatoka na taulo mkononi, upande mmoja wa kichwa bado una unga. Aliponiona hakukimbia kunikumbatia wala hakurudi nyuma. Alisimama tu. Kisha akauliza, kwa Kimaragoli, lugha ambayo sijaisikia kwa sauti yake tangu akiwa msichana:

“Ni Baba, au ni Mama?”

“Ni Baba.”

“Lini?”

“Desemba.”

Akakaa juu ya sanduku la nguo. Nikakaa karibu naye. Watu wa kundi walipita na viti na vikombe vya chai, wakitukwepa kwa heshima bila kuambiwa.

“Alinitaja?”

Njia nzima kutoka ofisini nilikuwa nimelitungia jibu swali hilo. Nilikuwa na uongo mzuri kabisa. Nikashindwa kuutoa.

“Hapana, Fena. Hakukutaja.”

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea alichotarajia. Akajifuta unga, akaupaka zaidi.

“Kaburini aliimba nani?”

“Hakuna.”

“Hakuna vipi? Baba azikwe bila wimbo?”

Nikamweleza. Mchungaji alimaliza kuomba, akangoja mtu aanzishe. Watu wakatazamana. Mwanakwaya mmoja akakohoa, akajaribu, sauti ikakatika. Pakawa kimya, kimya kibaya cha kuaibisha. Ndipo Mama akasema, mbele ya kanisa zima, mbele ya Baba Mdogo na wazee wote: “Anayeanzisha ni Trufena. Trufena hayupo.” Kisha wakachukua makoleo.

“Mama alisema hivyo? Alisema jina langu?”

“Alilisema kwa sauti.”

Hapo ndipo alipolia. Alilia akiwa ameegemea bega langu, mzito, ananuka jasho na poda, na unga wote ukahamia kwenye koti langu. Nami nikalia. Sijui tulikaa vile kwa muda gani. Nilikuwa sijakumbatiwa na mtu tangu mazishini.

Yule mwanamume wa kamba alirudi akasema polepole kwamba kuna maonyesho mengine ya jioni, lakini kama hawezi watamweka mtu mwingine. Trufena akajifuta pua.

“Naweza,” akasema. “Nitamwimbia Baba. Hapendi, lakini leo hana la kufanya.”

Tukacheka kidogo, kicheko kile cha kuumiza kifua.

Akaniambia kesho asubuhi wanakwenda Nakuru, kisha Kisumu, na huko Kisumu watapumzika kabla ya kuendelea. Kutoka Kisumu hadi nyumbani si mbali. Alinishika mkono wakati wa kusema hayo, lakini alikuwa akitazama sakafu.

“Nataka kumwona Mama. Ila ule mlango wa kwetu, Dada, siwezi kuuingia peke yangu.”

Nikamwambia nitakuja Kisumu, tutaingia wawili. Niliposema hivyo nilijishangaa, kwa sababu mimi si mtu wa kuomba ruhusa kazini wala kusafiri ghafla. Jumatatu nitamwomba bosi, na akikataa nitakwenda hata hivyo.

Akanitaka nibaki kwa maonyesho ya jioni. Sikubaki. Nilimwambia mabasi yatapungua, na ni kweli, lakini hasa nilihofia kumwona tena amebaki peke yake pale jukwaani, halafu mimi nirudi huku.

Nimekaa jikoni na chai. Nje manyunyu yameongezeka yamekuwa mvua. Redio sijaifungua. Sasa hivi anaimba, na sauti yake bado iko kichwani mwangu, sitaki mtu mwingine aifunike kwa maneno.

Nimegundua jambo moja hapa. Sikumwuliza kama ana mume, au mtoto, au hata mtu wa kumngojea anaposhuka jukwaani. Naye hakuniuliza mimi. Tuliongea habari za waliokufa na za Mama, tukapita mbali na maswali hayo, kila mmoja kwa upande wake.

Nitamwuliza Kisumu. Na akiniuliza, nitamjibu.